Pistoni za 9.0:1 Ndani ya 2JZ-GE Yenye Turbo: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Toyota Aristo yangu ya mwaka 1995 ilitoka kiwandani na injini ya 2JZ-GE isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), yenye uwiano wa kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa na petroli ndani ya silinda, wa 10.0:1, ilhali ndugu yake 2JZ-GTE, iliyoundwa tangu mwanzo kubeba turbo, ilipewa 8.5:1. Fundi wa kwanza aliyenifungia turbo alishauri tuache pistoni zilezile na kuweka gasketi nene ya silinda hedi ili kompresheni ishuke, nami nikakubali kwa sababu ya unafuu wa bei. Miezi minne baadaye, nikiteremka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, injini ilianza kugonga, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli ulilipuka wenyewe ndani ya silinda, karibu na Voi, na ilipofunguliwa tukakuta pistoni ya sita imevunjika ukingo ulio baina ya ringi ya kwanza na ya pili.

Karakana niliyoiendea mara ya pili, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa pamoja na pistoni ilizoniagizia, haikuagiza chochote kabla ya kupima. Fundi alilaza hedi juu chini, akafunika chumba cha kwanza cha mwako kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha akadondosha mafuta mepesi kutoka kwenye bureti (mrija wenye alama za vipimo) mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka, akaandika ujazo, akarudia hivyo kwa vyumba vyote sita. Ndipo akanionyesha hesabu. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha mm 86 na mwendo wa mm 86, yaani takriban sentimita 500 za ujazo, kwa 10.0:1 nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni kama 55.5, na kwa 9.0:1 inatakiwa kama 62.5. Gasketi iliyozidi unene kwa mm 0.7 huongeza takriban 4 tu, kwa hiyo kompresheni huishia karibu 9.4:1, na tena hupanua mwanya uliopo kati ya ukingo wa pistoni na hedi. Mwanya huo ukiwa mwembamba husukuma mchanganyiko kuelekea plagi na kuufanya uungue upesi kabla haujalipuka wenyewe. Ukipanuliwa, kinga hiyo hupungua. Kwa hiyo tukarudisha gasketi ya unene wa kawaida, na nafasi iliyohitajika ikachongwa kama bakuli juu ya pistoni zenyewe, ambazo ni za kufuliwa, yaani zilizofinyangwa kwa mgandamizo badala ya kumiminwa kwenye kalibu.

Niliomba 8.5:1 kwa kuiga kiwanda, naye akanikatalia kwa hoja ninayoiona sahihi hadi leo. Turbo yangu ni moja kubwa inayochelewa kuamka, na hewa ya Nairobi tayari ni nyepesi. Kompresheni ikishushwa mno, gari huwa zito kwenye foleni na milimani, sehemu ambako ndiko ninakoendesha kila siku.

Suala la mwinuko lilinifundisha zaidi ya yote. Nairobi shinikizo la hewa ni karibu bar 0.83, Mombasa ni 1.01. Turbo iliyosetiwa kuongeza bar 0.8 hupeleka injini jumla ya 1.63 huku juu na 1.81 kule pwani, tena penye joto zaidi, kwa hiyo gari lililotulia Nairobi linaweza kugonga likifika chini bila mtu kugusa chochote. Kwa sababu hiyo karakana iliseti muda wa plagi kuwaka kwa kuzingatia hali ya Mombasa. Nimekwenda na kurudi mara tatu tangu hapo, na plagi nilizozifungua Mombasa zilikuwa safi, hazina vidoadoa vya alumini kwenye kaure, dalili ya pistoni kuliwa na kugonga.

Kasoro zipo. Pistoni za kufuliwa hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo hufungwa kwa nafasi kubwa, na asubuhi hugongagonga ukuta wa silinda kwa dakika mbili hivi kabla ya kutulia. Zilichukua wiki saba kufika, ingawa niliahidiwa nne. Vilevile ilinibidi kuomba mara mbili ndipo nikapewa karatasi ya vipimo, jambo ambalo kwa kazi nzuri kiasi hiki halikustahili kuombwa. Sasa karatasi hiyo inakaa ndani ya gari, kwa ajili ya fundi yeyote atakayelifungua baada yao.