Usinunue sedani kabla haijapanda mlima wa Muyenga

Malalamiko mnayoniandikia siku hizi yamefanana: Toyota Axio inang'aa, imenunuliwa juzi, na sasa inatetemeka kila ikiondoka kwenye foleni. Rangi na viti sitavigusa. Kilomita za dashibodi pia, kila mtu Kampala anajua zinarudishwa nyuma. Shida yenu ni giaboksi.

Axio nyingi kutoka Japani ni CVT: mkanda wa chuma kati ya puli mbili, hakuna gia za kuhesabu. Petroli hainywi sana, ila inataka oili yake yenyewe. Fundi akimimina ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, kwa sababu ndiyo aliyonayo, giaboksi inaharibika, nawe unaishia Kisekka, soko la vipuri, ukitafuta giaboksi ya mtumba. Muulize muuzaji aliweka oili gani na lini. Akicheka, ondoka.

Kisha, injini ikishapata joto, lipandishe gari Muyenga polepole, simama katikati ya mlima, ondoka tena. Likisitasita, au injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, rudisha funguo. Ndiyo maana bondi, zile yadi za magari yanayosubiri kodi, zinaniudhi. Gari halijalipiwa ushuru, halina namba, haliruhusiwi kutoka getini. Unalizungusha uani kidogo, kisha unaombwa mamilioni. Ukiuliza vizuri, bei yenyewe ni kabla ya kodi!

Namba moja kwangu ni Toyota Premio ya 2001 hadi 2007, otomatiki ya gia nne. Ndiyo, napendelea Toyota, na sijifichi. Injini ya cc 1500, yaani 1NZ-FE, inatumia cheni ya taimingi, na mafundi wanaijua kwa kupapasa. Ya 1800 itazame moshi, maana injini zake, 1ZZ, za mwanzo zinakula oili. Ya 2000 yenye D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iache hapo hapo. Allion ya miaka hiyo ni ndugu yake wa tumbo moja, nayo ni ya pili kwangu.

Ya tatu ni Nissan Sylphy G11 ya 1500, nayo gia nne. Ya 2000 ni CVT. Axio ni ya nne, ikishapanda mlima. Corolla 110 ni ya bei rahisi, angalia kutu, basi.

Tatizo ni kwamba sheria ya 2018 ilikataza kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo Premio hizi hazitaongezeka, na wenye nazo wanajua. Bampa imefungwa kwa waya, bei ni kama gari limeshuka melini jana, "mwisho hapo, ndugu yangu", na ukifungua logibuku, kitabu cha usajili wa gari, jina si la muuzaji.