"Chuma sio kitenge mama": yaliyonikuta na fundi wa mlango wa wavu

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Mlango umepona, niliseme hilo mapema, unafunga vizuri kuliko hata ulivyokuwa mpya. Ila fundi mwenyewe simpendekezi kwa mtu. Au labda nimpendekeze kwa wanaume tu, sijui, mtaona wenyewe.

Nakaa Pasua, Moshi. Ukikaa huku chini mlango wa wavu sio urembo, mashamba ya mpunga ya Mabogini hayako mbali na mbu ikifika saa moja jioni wanaingia kama wamealikwa, halafu joto la Januari la hapa anayelijua analijua, huwezi ukafunga mlango wa mbao ukakaa sebuleni. Sasa krismasi si mnajua Wachaga wote wanarudi nyumbani, na wakirudi wanarudi na watoto. Watoto wa mdogo wangu wa Dar wamekaa kwangu kama wiki mbili hivi, mlango wangu wakaufanya bembea. Mmoja anakanyaga paipu ya chini ananing'inia kwenye komeo, mwenzake anasukuma, zamu kwa zamu. Walivyopanda basi kurudi wameniachia mlango umelala upande wa komeo, ukiufungua unakwaruza tailizi kriii, na wavu umechanika pale kati kwa kiatu. Na kosa lingine ni langu, paipu ya chini ilishaanza kuoza kwa maji ya deki, nilikuwa naona kutu inabanduka nikapaka rangi juu juu nikajidanganya imeisha.

Jirani akanipa namba ya fundi wa kuchomelea. "Niko njiani mama nafika sasa hivi" alinijibu siku ya kwanza, akafika siku ya tatu. Hilo wala silalamiki, ni fundi.

Kazi yangu mimi ni kushona. Hapo hapo barazani, cherehani iko karibu na huo mlango, futi kamba iko shingoni kutwa nzima. Kwa hiyo kabla hajaja nilishaupima mlango kona kwa kona. Kutoka bawaba ya juu kushuka hadi kona ya chini upande wa komeo sentimita 228, kutoka bawaba ya chini kupanda kona ya juu upande wa komeo 225. Fremu iliyonyooka hizo namba zinatakiwa zilingane, zisipolingana imepinda, na hauhitaji kwenda VETA kujua hilo. Nikamwambia, fundi, fremu imepinda sentimita tatu, inyooshe kwanza ndo uweke wavu.

Akaniangalia mimi, akaangalia futi kamba. "Baba yupo?"

Nikamuuliza baba gani. "Mwenye nyumba." Nikamwambia mwenye nyumba unaongea naye. Akacheka kidogo, akamgeukia yule dogo anayembebea mashine, halafu ndo akanirudia mimi taratibu kama anaongea na mtoto:

"Mama, chuma sio kitenge."

Jamani. Nimeshona miaka ishirini, wanangu wamesoma kwa kitenge, nilinyamaza tu maana maneno yaliyokuja mdomoni yasingefaa na mchungaji anakaa nyumba ya pili.

Na kinachoniuma ni kwamba wavu NI kitambaa! Una nyuzi za kusimama na nyuzi za kulala kama kitambaa chochote, ukiuweka kwenye fremu iliyokaa upogo zile nyuzi zinakwenda upogo, upande mmoja unakaza upande mwingine unalegea, lazima ukunje. Fundi cherehani wa wiki ya pili anajua. Ila sikuulizwa. Akachomeka mashine yake kwenye umeme wangu (luku siku hiyo ilikunywa unit hadi nikaisikia inalia), akaitia bawaba kiraka, akabana wavu mpya kwa riveti chache, tailizi zangu zikajaa vidoti vyeusi vya cheche hadi leo havitoki. Wavu umekunja kona kwa kona kama shuka la mtu aliyeamka kachelewa. Nikamuonyesha. "Utajinyoosha wenyewe mama, jua likipiga." Elfu sabini hiyo na wavu wake ndani. Nikalipa! Mimi nae.

Haikufika wiki, ile kona ya juu iliyokaza ikachanika kwenye riveti, mlango unakwaruza vile vile, mbu ndani. Nikampigia nikampigia nikampigia. Akaja na uso umekunja kuliko wavu.

Siku hiyo mtoto wa dada yangu yupo, anasoma chuo, mambo ya kompyuta, hajawahi kushika nyundo tangu azaliwe. Nikamwita jikoni nikamwambia nenda kamwambie fundi hivi hivi ninavyokwambia: kona hazilingani, 228 kwa 225, fremu inyooshwe kwanza. Akaniambia mamdogo si umwambie mwenyewe, nikamwambia wewe nenda. Akaenda. Shikamoo fundi, marahaba, akamwaga zile namba kama shairi la darasa la tatu.

"Ehee! Kijana umeona mbali. Wewe una akili ya ufundi."

Mimi nimesimama pale pale nimeshika birika.

Sasa hapa ndo penye mtihani wa hii rivyuu, maana aisee yule mtu alivyoamua kufanya kazi, alifanya kazi. Aliung'oa mlango wote akaulaza chini kwenye mbao mbili. Akakata ile paipu ya chini iliyooza kwa grenda, akaitikisa, kutu ikamwagika kama majani ya chai. Akaweka skwea paipu mpya, hakuchomelea moja kwa moja, akashika kidoti tu kila kona, halafu akafunga waya kwenye ile kona kwa kona ndefu akawa anaukaza kwa kipande cha nondo, anakaza anapima, anakaza anapima. Na alipima na futi kamba YANGU, ya kushonea, maana ya kwake ilikatika mdomo. 226 na nusu, 226 na nusu. Ndo akachomelea. Halafu akaongeza flati baa, kile chuma bapa, kutoka kona ya bawaba ya juu kushuka hadi kona ya chini ya komeo ili mlango usilale tena, akasaga, akapaka redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kwenye kila alama ya moto. Wavu akaanza kuubana katikati ya kila upande akienda kwenye kona, kama vile mtu anavyoshika pini kwenye gauni la harusi. Nilitaka kumwambia hivyo nikaacha. Mshono wake wa moto ni mzuri, umelala sawa sawa kama overloki, sijui mnanielewa. Na mara ya pili hakunidai ufundi, flati baa na paipu tu.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kumsamehe, kabisa. Nimempa noti ya elfu ishirini, chenji elfu nne. Akaitoa mfukoni, akanipita, akampa mtoto wa dada yangu. "Haya bosi, mlango wako huo."

Basi. Kazi nyota nne na nusu, mdomo wake sifuri, na anayetaka namba aje na kaka yake.

Ila sijamaliza. Jumapili kama mbili tatu baadaye si ndo karudi, peke yake, mpole, kofia mkononi. Kumbe binti yake anaingia fomu wani, shule inataka sketi mbili zenye marinda, na mafundi wote mjini wamejaa. "Mama nimesikia wewe mkono wako ni mzuri." Binti kasimama nyuma yake na daftari lenye vipimo vya shule. Nikatoa futi kamba shingoni, nikamwangalia vizuri yule baba.

"Mama yupo?" nikamuuliza. "Nataka kuongea na mwenye mtoto."