TAHADHARI: "Wakala" wa saini za wachezaji kwa njia ya posta anawaliza watu

Wakuu, kama kuna mtu amekufuata pembeni akakwambia ana ndugu yake Uingereza anayepeleka kadi na picha kwa wachezaji, zikasainiwa, zikarudi Bongo kwa posta, usitume hata senti tano. Huyo jamaa amewapiga wakusanyaji wengi wa saini za wachezaji wa Dar na Arusha, na sasa nasikia ameanza kuvizia Wakenya wa Mombasa.

Jina simtaji, na si kwa kuogopa. Analotumia leo silo alilotumia mwezi uliopita, na picha aliyoweka ni ya mtu mwingine kabisa ambaye pengine hana habari. Nikilitaja mtaenda kumkaba asiyehusika. Ila mchezo wake habadilishi, kwa hiyo naueleza huo.

Anaanza kwa upole. Anakusifia mkusanyiko wako, anakuuliza una nani na unamtafuta nani. Ukimtajia mchezaji, jioni anarudi na picha ya kadi yenye saini: "Huyu amenisainia juzi tu." Bei ni elfu 45 kwa mchezaji wa kawaida na elfu 80 kwa staa, yote mbele. Namba ya kutumia hela inaleta jina la mwanamke, ukihoji anakujibu "huyo ni shemeji yako, tuma tu." Baada ya hapo ni kimya, halafu unapata ujumbe kwamba bahasha yako imekwama forodha, ongeza elfu 30 itoke leo. Wapo waliotuma hiyo ya pili wakapigwa bloku dakika hiyohiyo. Wapo pia waliopokea bahasha kweli, na hao ndio wanaomtetea mpaka leo, wanasema sisi tuna wivu.

Basi tuiangalie hiyo bahasha. Dogo mmoja wa Temeke aliniletea yake, tukaiweka mezani kwenye mwanga.

Kwanza ni anwani. S.L.P. ya dogo ilikuwa imechapwa kwenye karatasi ya gundi. Sasa kwa anayejua hii kazi, hapo ameshakamatika. Ukimwandikia mchezaji unaweka ndani bahasha ya pili, umeiandika anwani yako mwenyewe na kubandika stempu ya nchi aliko yeye, ili akishasaini aiingize humo na kuitupa posta bila gharama wala usumbufu. Kwa hiyo bahasha inayorudi ina mwandiko wako. Ndiyo raha yenyewe ya huu mchezo: unafungua sanduku la posta unakuta umejiandikia barua. Dogo hakuwahi kuandika bahasha yoyote ya kurudishia, wala hakuombwa.

Pili ni stempu. Ilikuwa ile ndogo ya kawaida ya Uingereza yenye kichwa cha Malkia Elizabeth, rangi moja, bila msimbo, yaani kile kisanduku cha vidoti pembeni kinachosomwa na mashine. Tapeli alidai barua imetumwa msimu uliopita. Stempu za namna hiyo zisizo na msimbo zilikoma kutumika Uingereza mwisho wa Januari 2023. Za picha maalumu na za Krismasi ndizo zilizoruhusiwa kuendelea bila msimbo, lakini hii haikuwa ya picha. Tuliponyanyua kona yake kwa ukucha, nyuma yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya bahasha nyingine. Ilikatwa mahali ikagundishwa hapo. Muhuri wa posta ulikuwa juu ya stempu tu, ukakatika ghafla pembeni, haukuendelea kwenye bahasha hata kidogo.

Tatu ni kadi yenyewe, na hapa nilicheka kwa uchungu. Ilikuwa ya Mbwana Samatta akiwa Aston Villa, imesainiwa kwa maka peni nyeusi, na chini ya saini, kama wachezaji wengi wanavyofanya, kumeandikwa namba: 10. Samatta wa Taifa Stars sawa, 10 ni yake. Lakini pale Villa, tangu anaingia Januari 2020 mpaka siku anafunga bao dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020, alivaa 20. Namba 10 ya Villa ilikuwa mgongoni kwa Jack Grealish! Na ifikapo Septemba mwaka huohuo Samatta alishahamia Fenerbahçe, sasa huyo ndugu wa Uingereza alimpata wapi "msimu uliopita"?

Hiyo ni ile ya kughushi kwa mkono. Anayo na aina nyingine, ngumu zaidi kuishtukia, kwa sababu kadi yenyewe ni halali. Klabu nyingi za Ulaya hutengeneza kadi za wachezaji zenye saini iliyochapwa pamoja na picha, na humpa bure shabiki anayeandika barua. Wajerumani ndio mabingwa wa hili, wana neno lao kabisa, Autogrammkarte, na kila mchezaji wa klabu kubwa ana yake. Tapeli anazipata hizo bure au kwa bei ya maji, anakuuzia kwamba imesainiwa kwa mkono. Zipo pia saini zinazoandikwa na mashine inayoshika kalamu halisi, hiyo inatumika zaidi Marekani, kwa hiyo wino utauona ni wa kweli kabisa.

Kupima si kazi. Chukua kamera ya simu, ivute karibu sana kwenye mstari wa saini. Iliyochapwa itakuonyesha vidoti vidogo vya rangi, vilevile kama vya picha. Iliyoandikwa na maka peni haina vidoti. Ukiinamisha kadi kwenye mwanga wino unang'aa tofauti na karatasi, na pale mstari unapojikata wenyewe panakuwa peusi zaidi. Kwa ile ya mashine unahitaji kadi mbili. Tulichukua kadi za wateja wake wawili, mchezaji mmoja, tukazibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Zililala sawasawa, mkunjo kwa mkunjo, mpaka mkia wa herufi ya mwisho. Binadamu hasaini hivyo. Jaribu wewe kuandika jina lako mara mbili uone.

Atakwambia "lakini ina cheti." Ndiyo, kinakuja na kadi ngumu yenye kibandiko kinachometameta na namba ya usajili. Wakuu, cheti cha uhalisi anachotoa muuzaji mwenyewe ni karatasi ya duka la steshenari. Miaka ya 1990 kule San Diego, Marekani, FBI waliendesha msako walioupa jina la Operation Bullpen. Tony Gwynn, nyota wa besiboli wa San Diego Padres, alikuwa ameona vitu vyenye "saini yake" vikiuzwa na akajua si mkono wake. Waliposhika genge lenyewe walikuta waghushi, wauzaji, na wachapaji wa vyeti wakifanya kazi kama kampuni moja. Walighushi mpaka mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa. Hebu fikiria, Mama Teresa na besiboli! Na kulikuwa na watu walionunua, kwa sababu kulikuwa na cheti.

Kuna na hili la kuponi, limewakamata hata watu wazima wenye uzoefu. Anauza "kuponi za majibu ya kimataifa" kwa wale wanaotaka kuandika wenyewe. Kuponi hizo ni kitu cha kweli, za Umoja wa Posta Duniani, zilianza kutumika 1907: unaiweka kwenye barua, anayepokea anaibadilisha posta ya kwao apate stempu ya kukujibu. Anazouza yeye zimeandikwa Nairobi, na watu wa huku wakiona Nairobi wanaamini zimetoka hapo jirani. Hapana. Toleo lile lilipewa jina hilo kwa sababu mkutano mkuu wa Umoja wa Posta wa 2008 ulipangwa kufanyika Nairobi, kabla haujahamishiwa Geneva kutokana na vurugu za baada ya uchaguzi. Mwisho wake wa matumizi ni 31 Desemba 2013, na tarehe imechapwa kwenye kuponi yenyewe. Isitoshe, Uingereza na Marekani waliacha kuziuza miaka mingi iliyopita, kwa hiyo hata ukiwa na nzima, karani wa huko anaweza kukutolea macho tu. Ukitaka stempu ya Uingereza, muombe mtu unayemjua aliye kule akununulie zile mpya za kimataifa, akuletee akija likizo.

Lililonifanya niandike leo si hela, ni watoto. Kuna mzazi mmoja aliambiwa bei itashuka kama mwanawe ataandika barua kwa mkono akisema ana saratani na ndoto yake ni kupata saini ya mchezaji fulani. Alipewa na maneno ya kunakili. Ujanja huo unajulikana sana duniani kote kwenye hobi hii: barua za watoto wagonjwa wa uongo zinakusanya saini za bure, zinaenda sokoni. Ndiyo maana wachezaji wengine wameacha kabisa kujibu barua, na wengine siku hizi wanaandika jina la mwombaji juu ya kadi ili isiuzike. Mtoto anayeumwa kweli, akiandika kweli, anakuta mlango umefungwa. Yule mzazi alikataa, Mungu ambariki.

Sasa kwa nini umlipe mtu? Anwani anazoziita za siri ni za wazi. Manchester United ni Sir Matt Busby Way, Old Trafford, Manchester M16 0RA. Bayern wako Säbener Straße 51, München. Andika jina la mchezaji, chini yake klabu, basi. Barua iwe fupi, ukurasa mmoja, kadi moja au mbili tu; ukiomba nyingi wanajua wewe ni mfanyabiashara. Halafu sahau. Wengi hawatajibu, na jibu likija linaweza kuchukua miezi, msimu mzima pengine. Anayekuahidi wiki mbili anadanganya kabla hata hujamtumia hela.

Na jamani, tuna watu wetu hapa. Tapeli huyohuyo anauza picha za mwanariadha Filbert Bayi zenye "saini ya Christchurch 1974", siku ile kule New Zealand alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2. Mzee ana shule zake Kibaha, mwandikie! Simba wako Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Jangwani, nauli ya daladala tu.

Kuhusu hiyo forodha: bahasha yenye kadi ya karatasi haiombewi hela kwa simu na mtu binafsi. Kukiwa na kitu cha kulipia, Posta wanakuachia taarifa kwenye sanduku lako, unaenda dirishani, na kodi ya Serikali inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, unapewa risiti. Namba ya "shemeji" haipo popote kwenye huo mlolongo.

Kama umeshatuma, wapigie mtandao wako wa simu haraka iwezekanavyo, wakati mwingine hela inakutwa bado haijatolewa. Namba yake itume TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia 15040, ukianza na neno UTAPELI, haina makato. Kama ulimtumia picha ya kitambulisho chako (anakiomba, eti kwa ajili ya "usajili wa mteja"), piga *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako. Halafu nenda polisi na kila kitu: meseji za muamala, mazungumzo, na hasa bahasha. Kughushi na kutapeli mtandaoni kuna sheria yake tangu 2015. Usiichane kwa hasira, usiing'oe stempu.

Waliopokea bahasha zake naomba wapige picha stempu na nyuma ya stempu, waweke hapa. Nina tatu mpaka sasa, na kingo za kipande cha nyuma cha mbili kati ya hizo zinaonekana kukatwa kwenye bahasha moja.