Deki ya Diski za 4K: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Anayewahi kununua aina mpya ya video hubeba hatari: diski bado chache, deki ghali, na huenda aina yenyewe isidumu. Toshiba ilipotangaza Februari 19, 2008 kwamba inaachana na HD DVD, aina ya diski iliyoshindana na Blu-ray, wenye deki hizo walibaki na mashine zisizo na filamu mpya mbele yake. Studio zilichangia ushindi wa Blu-ray, lakini lililoisukuma tangu mwanzo ni mashine ya gemu ya Sony, PlayStation 3, ya Novemba 2006: kila moja ilikuwa na leza ya Blu-ray ndani. Mtu alinunua mashine ya gemu, deki akaikuta humo humo. Kwenye Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, HD DVD ilikuwa kifaa cha pembeni kinachouzwa peke yake, na kifaa cha aina hiyo hununuliwa na mwenye hamu tu.

Kwa hiyo tunapanga kwa swali moja: diski zikikoma kutolewa, utabaki na nini mkononi?

Ya kwanza ni mashine ya gemu yenye sehemu ya diski: PS5 au Xbox Series X. Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Xbox Series S haina sehemu ya diski, na PS5 Digital ya 2020 haiwezi kuongezewa. PS5 nyembamba ya 2023 na PS5 Pro huongezewa, ila mara ya kwanza lazima uwe na intaneti ili mashine ikitambue kisomaji cha diski. PS4 Pro, pamoja na sifa zake zote za 4K, haisomi diski za 4K hata kidogo. Upungufu wa kundi hili: filamu yenye Dolby Vision kwenye diski (aina bora ya HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi) utaiona kwa HDR10, HDR ya kawaida, tu, na PS5 haichezi CD.

Ya pili ni deki kamili. Panasonic UB820 na Sony X700 zina Dolby Vision; Panasonic UB420 haina. Kwenye X700 unaiwasha mwenyewe kwenye menyu, na ukiweka diski isiyo nayo uizime, la sivyo rangi huharibika. Kama tayari una rafu ya diski na runinga yenye Dolby Vision, deki hii ipande namba moja bila kusita. Diski za 4K hazina vizuizi vya maeneo ya dunia, lakini Blu-ray za kawaida zina A, B na C, na DVD zina namba zake. Soma ganda kabla ya kuagiza mbali.

Ya tatu, deki iliyotumika, na usiijaribu kwa DVD. DVD husomwa kwa leza nyekundu, Blu-ray na 4K kwa leza ya buluu, hivyo DVD ikicheza vizuri hujathibitisha chochote. Tumia diski ya 4K ya GB 100, yenye tabaka tatu, uirushe mbele hadi katikati na karibu na mwisho. Leza iliyochoka hukwama pale inapohama tabaka. Ikikwama, futa diski kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, ujaribu tena.

Ya mwisho ni kisomaji cha kompyuta. Programu halali za kucheza 4K zilitegemea SGX, kinga iliyokuwa ndani ya prosesa za Intel, nayo imeondolewa kwenye Core za kizazi cha 11 na zilizofuata. Iache.

Kabla ya kulipa, hakikisha tundu la HDMI la runinga linakubali HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili picha za 4K) na waya unabeba Gbps 18. Kisha ingia kwenye mipangilio ya runinga uruhusu ishara kamili kwenye tundu hilo: nyingi huja zimeifunga, na picha hutoka 4K bila HDR. Kama amplifaya yako ni ya zamani isiyopitisha picha ya 4K, chagua deki yenye HDMI mbili, kama UB820 au X700: moja ya picha iende kwenye runinga, nyingine ya sauti kwenye amplifaya.