Mita nafuu kwa kazi ndogo za elektroniki: nimetoka DT-830B, sasa natumia ANENG AN8008

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo uulize mita ya kupimia umeme (multimeter) ya bei ya chini, utapewa DT-830B, ile ndogo yenye betri ya volti 9. Nimeitumia muda mrefu na bado naiheshimu. Inapima volti, omu na daiodi, na ina hata matundu ya kupimia transista. Kwa anayeanza na taa za LED na risista, inatosha kabisa.

Kazi ikikua ndipo inapobana. Haina mlio wa kukuambia njia imeungana, na mlio huo ndio ninaoutumia kuliko kitu kingine chochote. Ukifuatilia njia za bodi kutafuta palipokatika, macho yanatakiwa yabaki kwenye ncha za waya, sikio lifanye kazi ya kusoma. Haipimi kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) pia, na pawa saplai ikifa kapasita ndiyo ya kushukiwa kwanza. Halafu namba kwenye skrini yake zinaishia 1999, kwa hiyo betri ya lithiamu iliyojaa inakuonyesha 4.20 tu.

AN8008 inafika 9999. Betri ileile inaisoma 4.198, na kwa mtu anayeunda chaja zake mwenyewe, hizo milivolti ndizo anazozitafuta. Inachagua kiwango yenyewe, inapima kapasita na masafa (hezi), inatumia betri mbili za AAA. Pia inatoa mawimbi ya mraba, yaani umeme unaowaka na kuzima kwa zamu, jambo ambalo limenifaa sana kujaribia saketi za kidijitali bila kununua kifaa kingine. Mtandaoni huuzwa kwa takriban dola 20 hadi 30, na kwangu imestahili kila senti.

Ila umeme wa nyumbani ni habari nyingine. Tundu la ampea 10 la DT-830B limeandikwa pembeni kabisa kwamba halina fyuzi. Ukiacha waya humo halafu ukagusa volti 230, umeunganisha njia mbili za umeme moja kwa moja mkononi mwako. Mita za bei hii, hata zikiandikwa CAT III (daraja la usalama wa mita kwa umeme wa jengo), mimi sizipeleki kwenye bodi kuu ya umeme. Nazibakiza kwenye betri, adapta na bodi ndogo.

Dukani, kabla ya kulipa, gusanisha ncha mbili za waya za mita: kama ina mlio, utoke papo hapo, na omu zisome karibu na sifuri bila kurukaruka. Kisha pima betri mpya ya AA, isome kama volti 1.6. Alama ya betri dhaifu ikiwaka, usiamini kitu. Mita hizi betri ikichoka husoma volti za juu kuliko zilizopo, na utaisingizia saketi nzima.

Asiyetaka kuagiza mtandaoni aulizie UNI-T UT33A+. Namba zake ni chache kuliko za AN8008, lakini mlio upo na kapasita inapima.