Miezi 14 kwenye methadoni hapa Dodoma: yale niliyotamani kuambiwa mapema

Nilivuta unga, yaani heroini, miaka tisa, saba nikiwa Dar es Salaam na miwili baada ya kurudi nyumbani Chang'ombe ya hapa Dodoma. Leo nina miezi 14 nakunywa methadoni, dawa ya kliniki wanayopewa waraibu wa unga. Vijana wananifuata kwenye bajaji yangu mmoja mmoja, wananiuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, kule wanafanyaje?" Naandika kwa ajili yao, kwa sababu mimi nilikwenda nikiwa na picha ya uongo kichwani na nusura initoe roho.

Nilidhani ni dawa ya kuponya. Unakunywa, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, inakatika, unarudi nyumbani mzima. Sivyo. Methadoni inashika mwilini palepale unga unaposhika, ila inakaa siku nzima na zaidi. Saa 8 hadi 12 tangu uvute unga mara ya mwisho, miayo imeanza, makamasi yanatoka, mifupa inauma, tumbo linaharisha. Ukinywa dozi inayokutosha, hayo yote yanatulia na wewe unapata nafasi ya kuwaza kitu kingine zaidi ya kete inayofuata.

Hiyo "inayokutosha" ndiyo iliyonitesa. Siku ya kwanza hawakupi dozi kubwa, kwa kawaida haizidi miligramu 30. Wanapandisha kidogo kidogo, kwa sababu dawa hii inajikusanya: ya jana haijaisha, ya leo imeingia juu yake. Wakikimbiza, mtu analala na pumzi inakata. Wengi wanatulia kati ya miligramu 60 na 120. Mimi nilitulia kwenye 85, na kufika hapo kulichukua karibu mwezi mzima. Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Asubuhi nakunywa, mchana afadhali, ikifika saa 8 usiku arosto hiyo, na ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma unapenya hadi kwenye blanketi.

Usiku wa tano nikavuta juu ya dawa. Asubuhi muuguzi alinitazama macho tu, akaniweka pembeni, hakunipa dozi mpaka daktari aliponiona. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mdogo wangu, ukiongeza unga, pombe au vidonge vya usingizi juu ya hii, kesho sitakuona. Dozi isipotosha, njoo useme hapa dirishani." Tangu siku hiyo nasema. Ewe unayeanza, sema. Hawawezi kuijua arosto yako ya usiku kama unaificha.

Usitegemee kufika leo na kunywa leo. Mimi nilianzia kwa watu wa asasi wanaozunguka maskani, wakaniandikisha. Kisha maswali: ulianza lini, unavuta au unajidunga, kwa siku mara ngapi. Mkojo unapimwa, damu inapimwa VVU na homa ya ini, ukikohoa wanaangalia na TB. Wanataka uje na ndugu atakayesimama na wewe. Mimi nilikwenda na mama. Usifiche dawa nyingine unazokunywa. Mwenzetu mmoja alianzishiwa dawa za TB kwingine, akanyamaza, ghafla arosto ikarudi wakati dozi ni ileile. Kumbe mojawapo ya dawa za TB inaipunguza methadoni mwilini. Waliporekebisha dozi akatulia.

Huduma ni bure. Unachotoa ni nauli na muda, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Unapewa dawa kwenye kikombe, unakunywa mbele ya muuguzi, unatia maji, unasuuza kikombe na kuyanywa hayo maji, halafu unaongea maneno mawili ajue umemeza. Mwanzoni niliona nadharauliwa. Baadaye nikajua wapo waliokuwa wanatoka nayo mdomoni kwenda kuiuza.

Kabla ya hapo mama aliwahi kunilipia nyumba ya upataji nafuu (sober house), miezi minne. Sizisemi vibaya nyumba hizi, zimewasimamisha rafiki zangu wengi. Niliyokaa mimi haikuwa na tabibu hata mmoja, arosto ilimalizwa kwa maji baridi na mlango wa kufuli. Lakini linaloniuma hadi leo ni lingine. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Jamaa aliyelala kitanda cha juu yangu alitoka Ijumaa, ana afya, amenenepa. Jumamosi akavuta kiasi kilekile alichokizoea. Jumatatu tulimzika.

Kuhusu aibu: hapa Dodoma ukisema unatibiwa uraibu, mtu wa kwanza atakuuliza, "Mirembe?" na kucheka, maana jina hilo la hospitali ya wagonjwa wa akili mtaani limegeuzwa tusi. Mwacheni acheke. Na maneno ya kijiweni kwamba methadoni inaozesha mifupa ndiyo yaliyonifanya niikwepe Dar, wakati huduma ilikuwa imeanza pale Muhimbili tangu 2011. Mifupa yangu inauma siku nikichelewa dozi tu. Madhara niliyoyaona mimi ni jasho jingi na choo kigumu. Hicho cha pili nimekipunguza kwa maji mengi na mlenda, ambao kwetu haukosekani.

Kinachonibana kweli ni kutosafiri. Ukienda mji wenye kliniki, kama Mbeya au Mwanza, unaomba barua mapema upokelewe kule. Msiba hausubiri barua. Babu alifariki Kondoa mwezi wa tatu. Nilikunywa dozi asubuhi, nikapanda gari, nikawahi kutia udongo kaburini alasiri. Usiku nililala mkekani na wenzangu nikihesabu saa. Saa 10 alfajiri nikaamka kimya kimya nitafute usafiri. Baba mdogo akanikuta natafuta viatu.

"Unakimbilia wapi, hata tatu haijasomwa?"

Miaka yote nilikuwa nadanganya ukoo huu. Nikamwambia, "Nakimbilia dawa, baba mdogo. Ya unga. Nikiikosa leo naumwa."

Alikaa kimya, kisha akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Alitoka na ufunguo wa pikipiki na koti lake, koti akanipa mimi. Akanifikisha stendi, akasimama pale gizani mpaka gari lilipoondoka.

Dirishani nilifika saa 4 kasoro, koti lake bado mwilini.