Silinda ya cc 177 kwenye Vespa PX150: uzoefu wangu hapa Arusha

Niseme mapema ili anayetafuta mbio asipoteze muda wake: silinda ya chapa ya DR, ya cc 177, niliyofunga badala ya ile ya cc 150 haijaifanya skuta yangu ya Vespa ikimbie. Mwendo wa juu umeongezeka kidogo tu, na kwa matuta tuliyo nayo barabarani sijui ningeupeleka wapi. Nilichopata ni nguvu ya mlima. Jioni nikitoka mjini kurudi Ngaramtoni, mama watoto nyuma, mfuko wa sokoni Kilombero katikati ya miguu, zamani nikifika Sakina nilikuwa nimesharudi gia ya tatu, na siku ya upepo narudi mpaka ya pili. Sasa napanda na ya nne hadi Kwa Iddi, na bodaboda waliozoea kunipita wanageuka kuangalia kama ni chombo kilekile.

Yangu ni PX150 ya zamani isiyo na pampu ya oili, kwa hiyo oili ya 2T (ya injini za tu-stroki, inayoungua pamoja na petroli) nachanganya mwenyewe kwenye tangi, mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Silinda iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa na kipenyo cha milimita 57.8, na ilikuwa imeshachongwa na kupanuliwa hadi saizi ya mwisho. Kompresheni hakuna; asubuhi za baridi za mwezi wa saba unapiga kiki mpaka majirani wanakupa pole. Kwa vyovyote nilikuwa nahitaji silinda, swali likawa ipi. DR ina milimita 63. Pistoni inasafiri milimita 57 zilezile, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) haiguswi, ni upana tu unaoitoa injini kwenye cc 150 na kuifikisha 177. Shemeji yangu aliyekuja likizo akaniletea kwenye begi: silinda, pistoni, ringi, pini na gasketi. Gharama yote haikufika robo ya bei ya Boxer mpya.

Zipo silinda za alumini, nyepesi na zinazopoa haraka, lakini sikuzitaka. DR ni chuma cha kusubu. Ikichakaa, naipeleka kwa mchonga bloku hapahapa mjini, anaipanua, natia pistoni ya saizi inayofuata, maisha yanaendelea. Ile ya alumini ndani imepakwa utando mgumu, na utando ukishachubuka sijui fundi wa Arusha wa kuurudisha.

Kuna hesabu moja iliyonituliza moyo kuhusu ununuzi huu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyembamba kiasi kwamba injini ya kabureta inapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Silinda hii inaongeza ujazo kwa asilimia 18. Maana yake 177 ya Arusha inavuta karibu sawa na 150 ya Tanga, kule pwani. Sikununua ubabe, nimerudishiwa tu kile ambacho mwinuko ulikuwa unakula siku zote.

Fundi wangu ni mzee wa Unga Limited aliyeshika Vespa tangu ujana wake. Nilipompelekea boksi aliliweka pembeni bila kulifungua. "Mwanangu, sili za krenki ulibadilisha lini?" Nikamjibu, mzee wangu, pikipiki niliikuta hivyo. Akasema basi bloku, yaani hiyo silinda, inasubiri. Na sababu anayo: sili ni zile pete za mpira zinazoziba pande mbili za krenki. Sili ya upande wa flaiwili ikivuja, injini inanyonya hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na pistoni inashika na kung'ang'ania ndani ya silinda hata iwe mpya kutoka Italia. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito mweupe. Kwenye giaboksi inakaa mililita 250 tu, SAE 30. Ikipungua na chini hakuna hata tone, ujue inapita huko. Alibadilisha zote mbili, akalainisha kingo za matundu ya silinda mpya kwa msasa ili ringi zisikwame, akaweka taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, nyuzi 18 kabla pistoni haijafika juu. Kazi ya sili inadai kupasua injini yote, ndiyo iliyokula pesa ya ufundi, na kama ningekuwa na bajeti ya kitu kimoja tu ningefanya hiyo.

Jeti sasa, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, ambazo wengi huzisahau. Kabureta yangu ni ileile ya Dell'Orto 20/20. Namba ya jeti ni upana wa tundu, 104 maana yake milimita 1.04. Baada ya kujaribu kadhaa na kuangalia rangi ya plagi (nikivuta resi yote, nazima, nachomoa, rangi ya chokoleti ndiyo njema, nyeupe ni hatari, nyeusi ni petroli imezidi), 104 ikakaa vizuri sana Arusha. Tatizo mama yangu anaishi Moshi. Ukishapita Usa River unateremka tu, na uwanja wa ndege wa KIA uko chini ya mita 900. Huko hewa ni nzito, jeti ya Arusha inakuwa ndogo, na hapo ndipo barabara inanyooka na mtu anavuta resi muda mrefu. Kule plagi ilikuwa inaanza kuwa nyeupe. Nimeweka 108 na siibadilishi. Arusha inanguruma kidogo nikivuta resi yote na plagi inakuwa nyeusi kiasi, lakini afadhali kusafisha plagi kuliko kununua pistoni.

Eksozi ya kimichezo niliyoinunua pamoja na silinda, chapa siitaji, sikuipenda. Nguvu yake inaamka mizunguko ikiwa juu sana, wakati mimi naihitaji chini, kwenye foleni ya Sanawari na mlimani. Kelele nayo ni ya kusimamishwa na trafiki kila siku. Nimerudisha ya kawaida baada ya kuitoa masizi, na pikipiki ikavuta vizuri zaidi.

Petroli inakula zaidi. Lita iliyokuwa inanipeleka kilomita 30 sasa ni kama 26, na sehemu ya hiyo ni jeti kubwa, najua.

Watu wataniuliza kuhusu gia ya klachi, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, maana wengi wakifunga 177 wanatoa ile ya meno 21 na kuweka 22 ili injini ipumue kwenye mwendo mrefu. Kwa anayeishi Moshi mjini na kwenda Boma Ng'ombe, sawa, aweke. Mimi wa kupanda Ngaramtoni kila jioni nimebaki na 21.